Kipande Kilichohama

4 Machi

Mvua imeanza leo, na pamoja nayo balaa la kila mwaka: mama wa mke wa mwanangu amehamia kwetu "mpaka hali ya hewa itulie," kwa kuwa paa la kwake linavuja. La kwetu nalo linavuja, ila sisi hatuna pa kuhamia. Ameingia na masanduku, redio, na sauti. Hapa kwenye karatasi nitamwita Kipaza. Ana kwa ana ninamwita mkwe mwenzangu, na yeye huniita Profesa, kama watu wanavyomwita mbwa Simba.

Nimempisha chumba. Mimi na vitabu vyangu sasa tunaishi sebuleni nyuma ya pazia.

5 Machi

Mvua. Redio.

7 Machi

Tumekwenda kliniki. Mke wa mwanangu mimba yake imeingia mwezi wa tano. Mbili za kabla ya hii zilitoka zikiwa changa, ndiyo maana safari hii daktari alichota kidogo maji yanayomzunguka mtoto ili seli zake zikaguliwe. Majibu yalikuwa ya leo. Mwanangu hakuja. Mwanangu ni dalali, huuza nyumba ambazo yeye mwenyewe asingekubali kulala ndani yake, na leo alikuwa na mteja. Kwa hiyo tulikwenda mama mjamzito, Kipaza na mimi. Mimi nilialikwa niwe mkalimani wa maneno ya kitaalamu.

Daktari ni kijana nadhifu anayezungumza na saa yake ya mkononi. Alisema, "Kuna hitilafu kidogo kwenye kromosomu," halafu akanyamaza, kana kwamba amemaliza.

"Hitilafu gani?" nikauliza.

"Vipande viwili vimebadilishana nafasi, mzee. Cha kromosomu hii kimehamia ile, cha ile kimehamia hii. Inaonekana hakuna kilichopotea."

"Inaonekana?"

"Ndivyo ripoti inavyosema."

Akachukua kalamu akatuchorea. Alichochora ni bakuli la tambi lililoanguka. Nimefundisha habari za seli miaka mingi katika chuo ambacho sasa, nasikia, ni kambi ya askari, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angechora hivyo ningemrudisha kwao.

"Mtoto wangu atakuwa mzima?" mke wa mwanangu akauliza.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Akaitazama saa. Akasema wengi huwa wazima, wachache hawawi, na kwamba sheria inawapa wazazi hadi katikati ya Aprili kuamua kama wataendelea na mimba au la. Akatukabidhi kipeperushi. Tulipokwisha simama ndipo akaongeza, kama mtu anayekukumbusha usisahau mwavuli, kwamba ingefaa wazazi wote wawili wapimwe damu.

Kwenye ngazi Kipaza alikuwa ameshapata mkosaji.

"Kwetu hakuna vitu vya kuhama. Sisi tumezaliwa hapa, babu zetu wamezikwa hapa. Wenye kuhamahama wanajulikana."

"Mama!" binti yake akasema.

"Nimetaja mtu? Nimesema wanajulikana."

8 Machi

Nimesoma kile kipeperushi. Kinasema DNA ni "kitabu cha maagizo ya mwili." Ni wavivu gani hawa wanaotunga vipeperushi! Kitabu hukaa rafuni wazi kwa kila mwenye mkono. Kile ni uzi, mwembamba kuliko neno wembamba linavyoweza kubeba. Ukiunyoosha uzi wote wa seli moja unapata urefu wa mtu mrefu aliyeinua mkono, na umekaa ndani ya kiini ambacho ukitaka kukiona lazima uazime hadubini. Jambo la kustaajabisha ni namna ulivyofungashwa humo usikatike, usifungane mafundo, na sehemu inayohitajika ikafikiwa kila inapohitajika. Mwanangu hawezi kufungasha shati moja kwa safari ya siku moja.

10 Machi

Leo nimelazimika kumtazama upya mtu mmoja.

Mke wa mwanangu ni karani katika ghala la vipuri vya magari. Tangu aolewe nimemhesabu miongoni mwa watu wa "sawa baba": ukimwambia mvua inanyesha, sawa baba, ukimwambia imekatika, sawa baba. Jioni hii alikuwa anakunja nguo mezani, mama yake yuko chumbani na redio, akaniambia bila kuinua kichwa:

"Baba, nieleze taratibu. Ila usinieleze kama mtoto."

Nikamweleza. Uzi ule haukurundikwa. Kila hatua chache umezungushwa kwenye kibonge kidogo cha protini, kama uzi kwenye bobini ya cherehani, kisha bobini zenyewe zimepangwa, zimekunjwa, zimefanywa vitanzi, na vitanzi vimepewa mahali pake. Kuna mitaa ndani ya kiini ambamo uzi umelegezwa, seli inausoma mchana kutwa. Kuna mitaa mingine umebanwa kabisa, haufikiwi, ni kama duka lililoshusha mlango wa chuma. Seli ya jicho na seli ya ini zina uzi uleule. Tofauti ni wapi pamefunguliwa na wapi pamefungwa.

"Na kromosomu?"

"Hizo ni uzi uleule siku ya kuhama. Seli ikitaka kugawanyika hufungasha kila kitu, hubana mpaka mwisho, na hapo tu ndipo tunaweza kuziona moja moja na kuzipanga. Ndiyo maana majibu huchelewa. Damu lazima ioteshwe maabara, seli zisubiriwe zifike kwenye kufungasha."

Akakunja shati. Akakunja jingine. Halafu akasema:

"Kule kwetu ghalani vitu havipotei, baba. Watu wanadhani vinapotea. Kitu kipo, ila mtu amekiweka nyuma ya kitu kingine kikubwa, basi mwaka mzima hakionekani, gari la mteja limelala. Sasa hicho kipande cha mwanangu kilichohama, kimehamia karibu na nini?"

Katika miaka yangu yote ya kufundisha, swali hilo niliulizwa mara chache mno, na waliouliza nilikuwa nawakumbuka majina. Kwa kuwa hilo ndilo lenyewe. "Hakuna kilichopotea" si jibu kamili. Kipande kizima kabisa kikitua pembeni ya mtaa uliobanwa, ule mbano unaweza kukifikia nacho, kikafungwa, kikawa kipo na hakisomwi.

Sikumficha. Nikamwambia pia lililo muhimu zaidi: kama yeye au mume wake amebeba badiliko hilohilo, na ni mtu mzima mwenye akili na afya zake, basi tunajua kipande kilitua mahali pazuri. Kimejaribiwa tayari, maisha mazima. Lakini kama wazazi wote wawili hawanalo, maana yake limeanzia kwa mtoto, na hakuna anayeweza kuapa.

"Kwa hiyo tunaomba mmoja wetu awe nalo."

"Ndiyo."

"Si kinyume chake."

"Si kinyume chake."

"Basi usimweleze mama," akasema. "Hataelewa, na atakataa kwa sauti."

Tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba hii.

Alipoondoka nikawaza habari zangu, jambo nisilopenda kulifanya. Nilipohama kwetu kuja nchi hii nilikuja na kila nilichokijua. Hakuna kilichodondoka njiani. Mtaa niliofikia tu ndio haukuwa na haja ya kukifungua.

11 Machi

Mke wa mwanangu ametoa damu. Mwanangu atatoa "wiki ijayo."

14 Machi

Mvua. Lifti imekufa tena. Fundi amekuja, ameitazama, ameondoka. Inaonekana ndiyo kazi yake.

18 Machi

Wiki ijayo imefika. Mwanangu ana mteja.

19 Machi

Chakula cha jioni. Kipaza: "Watu wengine wanaogopa sindano. Wengine wanaogopa yatakayotoka kwenye sindano."

Mwanangu akachukua simu zake mbili akaenda kuongea kwenye kibaraza, mvuani. Nilitazama kwa muda mrefu. Hakuna simu iliyokuwa imeita.

23 Machi

Siku ya upumbavu mkubwa. Nataka kuiandika sawasawa.

Majibu ya mke wa mwanangu yametoka: kromosomu zake zote zimekaa mahali pake, hakuna kilichohama. Kipaza ndiye aliyempokonya simu akasoma. Hakusoma mara mbili. Alirusha mikono juu.

"Safi! Mwanangu ni safi! Nilisema mimi!"

Akatoka mlangoni. Lifti haifanyi kazi, kwa hiyo alishuka kwa miguu, na katika kila ghorofa aligonga mlango akatangaza. Nilimsikia kwa mfamasia, nikamsikia kwa wale ndugu mafundi viatu, nikamsikia mpaka chini kwa mlinzi. "Binti yangu safi! Wamepima! Safi kabisa!" Na majirani, watu wasiojua linalosherehekewa, wakampongeza.

Huku juu binti yake alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono juu ya tumbo. Nusu ya tumaini lake ilikuwa imeshuka ngazi ikipiga kelele za furaha.

"Imebaki moja, baba," akasema.

Sijawahi kuona watu wakishindana kwa bidii kiasi hiki kuikimbia habari njema. Tangu siku ya kliniki nyumba hii imegeuka mahakama. Kila upande unajitakasa, kila upande unaombea doa liangukie ng'ambo. Hakuna aliyejiuliza doa lenyewe lina kazi gani. Nilijaribu kumweleza Kipaza aliporudi, amelowa, anahema. Nikasema, "Mkwe mwenzangu, hili si la kushangilia. Afadhali angekutwa nalo."

Akanitazama kama aliyemkuta mtu akimwaga sumu kisimani.

"Profesa, umesikia ulichosema? Unamwombea binti yangu ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Ni mpangilio."

"Mpangilio wa kwenu, baki nao."

Kuna watu ambao ukiwaeleza jambo mara mbili linazidi kuwa giza. Nilirudi nyuma ya pazia langu.

Mwanangu alikuja kuchelewa, akapewa habari mlangoni. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka uso wake.

24 Machi

Nilimfuata kazini. Ofisi yake ni chumba cha kioo chenye picha za nyumba ukutani, zote zimepigwa siku ya jua. Alikuwa peke yake, hana mteja wala kivuli cha mteja.

"Baba, ungepiga simu."

"Ungesema una mteja."

Akatabasamu lile tabasamu la kuuzia, likamkatikia katikati. Nimelidharau tabasamu hilo tangu alipojifunza kulitumia. Nilimtaka awe mtu wa maabara, awe mtu wa lolote linaloweza kuthibitishwa, akawa mtu wa kusema "eneo limetulia" juu ya nyumba iliyo ubavuni mwa kiwanda. Lakini leo sikuja kwa hilo.

"Kwa nini hutaki kutoa damu?"

"Nani kasema sitaki?"

"Mguu wako."

Akautuliza mguu. Mvua ilikuwa inapiga kioo, na magari nje yalikuwa yanapita na taa mchana.

"Zile mimba mbili," akasema hatimaye. "Baba, zile mbili zilipotoka, nilimwambia mke wangu tutapata nyingine, asijali. Nilikuwa namfariji. Unaelewa? Mimi nilikuwa upande wa mfariji. Sasa nikapime, waniambie ni mimi niliyekuwa naziua?"

"Hakuna aliyeziua."

"Mama yake atasema."

"Atasema. Huyo akikosa la kusema atasema amekosa la kusema. Atasema ukipima, atasema usipopima."

"Kwako rahisi."

"Sikiliza. Mtu aliyebeba badiliko la namna hii, yeye mwenyewe ni kamili. Shida huja anapogawa. Mara nyingine mtoto hupata kipande kimoja bila mwenzake, na mimba haisimami. Mara nyingine hupata vyote viwili kama alivyo baba yake, na hutoka kama alivyo baba yake. Huyu wa sasa, ripoti inasema anavyo vyote viwili."

Alinitazama. Sijui ni lini mara ya mwisho kunitazama hivyo, nadhani alikuwa bado anavaa viatu nilivyomfunga mimi.

"Kwa hiyo nikiwa nalo…"

"Ukiwa nalo, wewe ndiye mfano. Nitakwenda kwa mkeo niseme: mtazame huyu. Ana maneno mengi, hana msimamo, anavaa tai mbaya. Lakini anatembea, anahesabu, anapenda. Huyu ndiye atakayekuja, akiwa na tai nzuri tukijaliwa."

Akacheka na kulia kwa pamoja, jambo baya kulitazama kwa mtu mzima ndani ya chumba cha kioo.

"Na nisipokuwa nalo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hapo sitajua, na daktari hatajua, na mke wake atalazimika kuamua bila sisi kumfaa chochote.

Alifunga ofisi. Tulikwenda kwa miguu, mwavuli mmoja, yeye akiushika upande wangu zaidi. Nikatoa damu na mimi. Muuguzi aliuliza ya nini, kwa umri huu. Nikamwambia ninamsindikiza mtoto.

27 Machi

Mvua haijakatika. Ukuta wa jikoni umeota ukungu. Ukungu nao unafungasha na kufungua uzi wake humo, bila kipeperushi.

30 Machi

Mke wa mwanangu hasemi. Anakwenda ghalani, anarudi, anakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Leo mtoto alicheza tumboni. Aliniambia mimi, hakuwaambia wengine. "Sijui nifurahi, baba, au nisimzoee."

1 Aprili

Jambo la aibu: nimejikuta ninaomba Kipaza awe sahihi.

Tangu aje amesema mambo mengi, na yote nimeyapima na kuyatupa. Amesema baridi huingilia kwenye unyayo. Amesema vitabu vingi chumbani huleta kikohozi. Na amesema hitilafu imetoka kwetu, watu wa kuhamahama, na sababu yake ni ya kijinga kiasi kwamba ningependa ihifadhiwe kwenye chupa ya maabara. Vipande vya kromosomu havijui mipaka ya nchi. Lakini kila nikiamka sasa neno la kwanza kichwani ni: mwache mwanamke huyu awe sahihi. Mwache atusimange mpaka afe. Mimi na yeye tunaombea jambo lilelile, na hajui.

4 Aprili

Redio imeharibika. Nimeitengeneza mwenyewe. Kipaza alisimama mlangoni akinitazama muda wote, halafu akasema, "Mikono yako mizuri, Profesa. Kumbe si maneno tu." Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, ndogo, ya mtu wa kawaida: "Binti yangu halali. Nimemsikia. Wewe unayejua, niambie vizuri, kinachotakiwa ni nini?"

Nikamweleza mara ya tatu. Bobini nikaiacha, mitaa nikaiacha. Nikasema: "Unataka kujua kama njia inapitika. Akitokea mtu aliyeipita mpaka mwisho, ametoka mzima, utafurahi au utanuna?"

"Nitafurahi."

"Basi tunamtafuta huyo mtu. Ndiye huyo unayemwona mchafu."

Alikaa. Redio ilikuwa inaongea peke yake.

"Na mimi niligonga milango yote ile," akasema.

"Uligonga."

"Hata kwa mlinzi."

"Hata kwa mlinzi."

Sikumwonea huruma nyingi. Lakini nilimpisha kiti chenye mto.

8 Aprili

Hakuna simu.

9 Aprili

Wamepiga saa ya chakula cha mchana. Mwanangu aliweka simu mezani, sauti wazi, ili sote tusikie. Daktari alikuwa na haraka kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru kwa haraka hiyo.

"Baba wa mtoto analo. Badiliko lilelile, mahali palepale kabisa. Na babu yake pia analo. Kwa hiyo, kwa kadiri tunavyojua, hali ya mtoto haitofautiani na ya mimba nyingine yoyote. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo, lakini hiyo ni habari nzuri sana."

Mke wa mwanangu hakulia. Alinyoosha mkono, akamshika mume wake kidevu, akamgeuza uso huku na huku, taratibu, kama anayekagua kipuri kabla ya kukitia sahihi. "Kwa hiyo ni hivi," akasema. "Ni hivi tu." Na mwanangu, dalali, akaacha uso wake ukaguliwe.

Mimi nilikuwa nahesabu yaliyomo ndani yangu. Miaka yote ile hadubinini, kromosomu za watu wengine zimepita chini ya jicho langu, na zangu mwenyewe zilikuwa zimehama kabla sijahama mimi, na sikujua, wala hazikunidhuru. Vipande viwili vimekaa ugenini maisha yangu yote, na vimesomwa kila siku.

Halafu nikageuka. Kipaza alikuwa amesimama karibu na jiko, mwiko mkononi. Yule mwanamke alikuwa anatetemeka mdomo, na nilijua kinachomtetemesha. Alikuwa na furaha, na alikuwa na ushindi, na alikuwa anajaribu, kwa ajili yangu, kuumeza ushindi. Ulikuwa unamkaba.

"Sema tu, mkwe mwenzangu," nikamwambia. "Utapasuka."

"Mimi sisemi kitu."

"Sema."

"Nauliza tu." Akapangusa macho kwa kiwiko. "Imetoka upande gani?"

"Upande wetu."

"Mvua inapiga bati, Profesa, sikusikia."

Nikanyanyuka, nikafungua dirisha linalotazama lango, mvua ikaingia mpaka mezani kwenye chakula, na nikapaza sauti mpaka chini kwa mlinzi.

"Upande wetu!"